Saa Tatu Ndani ya Diski Moja: Uchambuzi wa Ubanaji wa Video kwa Ajili ya DVD

Suala la kuingiza video iliyobanwa katika diski ya kuchomwa huelezwa mara nyingi kama suala la nafasi: diski ina gigabaiti kadhaa, faili lina gigabaiti zaidi ya hizo, basi faili lipunguzwe hadi litoshe. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaficha kiini chenyewe, kwa sababu video hutiririka katika muda, na kila diski ni akiba ya biti iliyokwisha kupimwa kiwandani ambayo lazima igawanywe kwa sekunde zote za tukio. DVD ya tabaka moja, ile inayouzwa kwa jina la gigabaiti 4.7, hubeba biti zipatazo bilioni 37.6, anayetaka kuweka ndani yake saa moja na anayetaka kuweka saa sita wote hupewa akiba hiyo hiyo, na kinachotofautiana ni kiasi kinachoifikia kila sekunde. Kwa hiyo kubana ni kuamua nini kipotee, na hoja ya uchambuzi huu ni kwamba uamuzi huo huwa bora unapofanywa na mtu kabla programu haijaanza kazi kuliko unapoachiwa programu yenyewe.

Ukubwa wa tatizo huonekana katika hesabu ya picha ambayo haijabanwa hata kidogo. Televisheni ya mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika, huonyesha fremu 25 kwa sekunde, na katika umbo la kidijitali kila fremu ina pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Hata baada ya taarifa za rangi kupunguzwa hadi robo, jambo linalowezekana kwa kuwa jicho la mwanadamu hutambua mwanga na giza kwa ukali zaidi kuliko linavyotambua rangi, bado kila sekunde huhitaji megabiti zipatazo 124, kiasi ambacho kingeijaza DVD kwa dakika 5 tu na CD ya megabaiti 700 kabla ya dakika moja kwisha. Kamera za miniDV, zilizokuwa chombo cha kazi cha wapiga video wengi kabla ya kadi za kumbukumbu, zilishusha mzigo huo hadi megabiti 25 za picha kwa sekunde, na bado saa moja ya kanda zake ilichukua gigabaiti 13 hivi kwenye kompyuta. Harusi ya saa tatu iliyorekodiwa hivyo ingehitaji DVD tisa, ilhali familia ilitarajia kukabidhiwa diski moja ndani ya kasha lenye picha ya maharusi.

Njia ya kutoka diski tisa hadi diski moja ilifunguliwa na kundi la wataalamu lililojulikana kwa kifupi cha MPEG, lililoanzishwa mwaka 1988 na Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani. Mbinu zake husimama juu ya misingi miwili. Msingi wa kwanza unahusu fremu moja peke yake: picha hugawanywa katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8, na kila mraba hubadilishwa kwa hesabu ya mageuzo ya kosaini, iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake wawili, ili badala ya kueleza kila pikseli mraba uelezwe kwa mawimbi, kuanzia wimbi pana linaloeleza mwanga wa jumla hadi mawimbi membamba yanayoeleza nyuzi za nywele na ncha za majani. Hapo ndipo upotevu unapoingia, kwa kuwa namba za mawimbi membamba hukadiriwa kwa vipimo vikubwa, na nyingi huishia kuwa sifuri, nayo sifuri haigharimu karibu chochote kuihifadhi. Msingi wa pili unahusu uhusiano wa fremu na jirani zake, kwa maana ukuta wa ukumbi ulioonekana katika fremu moja huonekana tena katika ile inayofuata, na hakuna haja ya kuuhifadhi mara 25 kwa sekunde. Fremu kamili, ijulikanayo kwa herufi I, huhifadhiwa yote. Fremu P hubashiriwa kutokana na fremu iliyotangulia na hubeba tofauti tu. Fremu B hubashiriwa kutoka pande zote mbili, ya nyuma na ya mbele, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Katika DVD ya PAL, kundi linaloanza na fremu I haliruhusiwi kuzidi fremu 15, na kwa hiyo makosa ya ubashiri hayawezi kudumu zaidi ya nusu sekunde na ushei.

Matumizi makubwa ya kwanza ya mbinu hizi kwenye diski yalikuwa Video CD, maarufu kama VCD, iliyotangazwa mwaka 1993 na Philips, Sony, Matsushita na JVC. Werevu wake haujapata sifa unaostahili. CD ya kawaida ya data hutenga katika kila sekta baiti 2048 kwa ajili ya faili na kutumia sehemu ya nafasi iliyobaki kwa hesabu za kusahihisha makosa, kwa sababu programu ya kompyuta huharibika hata kwa biti moja iliyogeuka. Wabunifu wa VCD walitambua kwamba biti moja ikigeuka katika video matokeo yake ni doa linalopita machoni kwa sehemu ya sekunde, wakaacha sehemu kubwa ya ulinzi huo na kuipa video baiti 2324 katika kila sekta. Kwa kuwa CD husomwa sekta 75 kwa sekunde, VCD ilipata megabiti 1.39 kwa sekunde, kati yake kilobiti 1150 zikaenda kwenye picha ya pikseli 352 kwa 288 na 224 kwenye sauti. Kutokana na uamuzi huo, dakika za video zililingana na dakika za muziki za diski ile ile: CD ya dakika 74 ilibeba video ya dakika 74, na ile ya dakika 80 ilibeba dakika 80. Filamu ya saa mbili ililazimika kukatwa katika diski mbili, na watazamaji wa filamu za Kihindi, za Kichina na za Bongo Movie walizoea kuinuka katikati ya kisa kwenda kubadilisha diski kwenye deki, ingawa kwa upande wa Bongo Movie desturi ya kuuza sehemu ya kwanza na ya pili kama bidhaa mbili ilikuwa pia na sababu za kibiashara zisizohusiana na hesabu ya biti.

DVD, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 1996, ilibadilisha masharti hayo. VCD ilikuwa na kasi moja ya biti isiyobadilika, lakini DVD iliruhusu kasi ipande na kushuka mradi jumla ya picha, sauti na manukuu isizidi megabiti 10.08 kwa sekunde, na picha peke yake isizidi 9.8. Uhuru huo ndio uliomfanya mchomaji wa diski awe mtoa maamuzi, na ndio uliozaa makosa mengi. Kosa la kwanza ni la kusoma ukubwa wenyewe. Kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa vizidishio vya 1024, hivyo diski iliyoandikwa 4.7 huonekana kwenye kompyuta ikiwa na 4.37 tu, na faili lililoonyeshwa na kompyuta kuwa la gigabaiti 4.6 haliwezi kuingia hata kidogo. Aina mbili zinazoshindana, yaani DVD-R na DVD+R, hutofautiana pia kwa takriban baiti milioni 7, tofauti ndogo inayotosha kukwamisha uchomaji wa faili lililobanwa hadi ukingoni.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na inasikitisha kwamba mara nyingi iliachwa. Harusi ya saa tatu ina sekunde 10,800. Biti bilioni 37.6 zikigawanywa kwa sekunde hizo, kila sekunde hupata megabiti 3.48. Kiasi cha asilimia 4 kikitengwa kwa ajili ya vichwa vya pakiti, menyu na tahadhari, hubaki megabiti 3.34 hivi za kugawana picha na sauti. Sauti ikihifadhiwa bila kubanwa, kama ilivyofanyika katika diski nyingi kwa sababu programu za bei nafuu hazikuwa na leseni ya kubana sauti kwa AC-3, itameza megabiti 1.54 na kuiachia picha 1.8 tu. Sauti hiyo hiyo ikibanwa hadi kilobiti 192, picha hupata megabiti 3.15. Sauti ya harusi, yenye maikrofoni ya mshereheshaji, spika zilizozidishwa nguvu na vigelegele, haipotezi chochote kinachosikika kwa hatua hiyo, ilhali picha inaongezewa zaidi ya theluthi mbili ya kile ilichokuwa nacho. Hakuna hatua nyingine katika kazi nzima inayotoa faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo kama hii, na mhariri aliyeiruka aliidhulumu picha bila kuinufaisha sauti.

Sehemu iliyo tajiri zaidi ya suala hili, na inayoeleweka vibaya zaidi, ni idadi ya pikseli. Wapo wanaoamini kwamba DVD lazima iwe na upana wa pikseli 720, na kwamba kupunguza upana huo ni kuharibu ubora, hata pale ambapo diski inabebeshwa saa nne au zaidi. Imani hiyo haina msingi. Kanuni za DVD ya PAL huruhusu pia 704 kwa 576, 352 kwa 576 na 352 kwa 288, na deki yoyote iliyofuata kanuni huzionyesha zote zikiwa zimetanuliwa kujaza kioo. Kipimo kinachosaidia kuamua ni biti zinazoifikia kila pikseli. Picha ya 720 kwa 576 ina pikseli zaidi ya milioni 10.3 kwa sekunde. Ikipewa megabiti 5, kama inavyowezekana kwa video isiyofika saa mbili, kila pikseli hupata karibu nusu biti, na matokeo huwa mazuri. Muda ukifika saa nne, picha hubakiwa na megabiti 2.3 hivi, na kila pikseli hushuka hadi biti 0.22, hapo programu, kwa kukosa namna nyingine, hukadiria mawimbi kwa vipimo vikubwa mno, na ile miraba ya 8 kwa 8 huanza kuonekana waziwazi kwenye nyuso za watu na kwenye kuta. Megabiti 2.3 hizo hizo zikipewa picha ya 352 kwa 576, kila pikseli hupata biti 0.45, karibu sawa na ile ya saa mbili. Kinachopotea ni ukali wa upande wa mlalo, na upotevu huo huonekana kama ulaini kidogo ambao jicho huuzoea baada ya dakika chache, wakati miraba inayocheza haizoeleki kamwe. Aidha, kanda ya VHS haikuwahi kuwa na maelezo mengi ya mlalo kuliko yanayoweza kubebwa na pikseli 352, kwa hiyo anayehamisha VHS hadi DVD kwa upana wa 720 anatumia biti kuhifadhi pikseli ambazo chanzo chake hakikuzijaza.

Kimo, hata hivyo, kinataka tahadhari ambayo upana hauihitaji. Kamera za PAL hazikurekodi fremu nzima kwa mara moja. Zilirekodi mistari ya witiri, kisha baada ya sehemu ya 50 ya sekunde mistari ya shufwa, hivyo kila fremu ina nyakati mbili ndani yake, na ndiyo sababu mwendo wa ngoma katika kanda hizo ulionekana laini. Picha ikishushwa hadi mistari 288, nusu ya nyakati hizo hutupwa, na wachezaji huonekana wakirukaruka kama walivyoonekana kwenye VCD. Kwa sababu hiyo 352 kwa 576 ni chaguo bora mno kwa video ya saa tatu na nusu hadi tano, na 352 kwa 288, ambayo kwa kasi ya VCD huruhusu zaidi ya saa saba kwenye DVD moja, ifikiriwe tu kwa mihadhara na mikutano ambako mtu mmoja anasimama mbele ya kipaza sauti.

Hata hesabu iliyofanywa kwa uangalifu hushindwa pale chanzo kinapokuwa kibaya, kwa kuwa mfumo mzima unategemea ubashiri, na kila kisichobashirika hulipiwa kwa biti. Chengachenga zinazotokea kamera inaporekodi katika mwanga hafifu hubadilika kila fremu bila mpangilio wowote, na programu isiyojua kutofautisha chengachenga na shanga za gauni huzihifadhi zote kwa bidii ile ile. Mwanga wa kamera za picha za mnato, unaomulika mara kadhaa wakati wa kukata keki, hugeuza ghafla kila mraba wa picha na kuuvunja ubashiri kwa fremu mbili tatu. Kamera isiyowekwa kwenye miguu mitatu hutikisa kuta zilizopaswa kutulia. Juu ya hayo yote, wahariri wa video za harusi walipenda kuongeza mapambo ya kompyuta, mioyo inayodondoka, kurasa zinazofunuka, picha moja inayoyeyuka polepole ndani ya nyingine, bila kujua kwamba mapambo hayo ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi kubashiri na kwamba biti zilizoyahifadhi zilichukuliwa kutoka kwenye uso wa bibi harusi. Taa moja ya ziada ukumbini na kichujio cha chengachenga kabla ya kubana vina thamani kuliko programu ya gharama kubwa.

Baada ya maamuzi hayo ndipo mbinu ya kubana mara mbili inapopata maana yake. Katika mpito wa kwanza programu hupitia video yote ikipima ugumu wa kila kipande bila kuandika matokeo ya mwisho, na katika mpito wa pili hugawa akiba kufuatana na vipimo hivyo, ikimnyima mhubiri aliyesimama wima ili ipate cha kuwapa wachezaji wa ngoma. Mgao huo una mpaka, kwa sababu deki ina ghala dogo la muda, la kilobaiti 224 tu kwa picha ya DVD, ambamo biti husubiri kabla ya kufasiriwa, na kipande kinachodai biti nyingi kwa ghafla huweza kulikausha na picha ikaganda. Kubana mara mbili, aidha, hakuongezi akiba: video yenye ugumu ule ule tangu mwanzo hadi mwisho haipati karibu faida yoyote, na aliyeiwekea diski moja saa sita kwa upana wa 720 hataokolewa na mpito wa pili wala wa tatu.

Zipo njia nyingine mbili ambazo zilipata umaarufu, na kila moja inastahili hukumu yake. Ya kwanza ni ile ya programu kama DVD Shrink, zilizochukua DVD ya tabaka mbili, yenye hadi gigabaiti 8.5, na kuipunguza itoshe kwenye diski ya tabaka moja kwa dakika chache. Kasi hiyo ilitokana na kutobana upya kabisa: programu iliacha ubashiri wa mwendo kama ulivyo na kufuta tu baadhi ya mawimbi membamba. Upunguzaji mdogo hauonekani, lakini ukizidi, makosa ya fremu moja hurithiwa na fremu zinazobashiriwa kutoka kwake na kulimbikizwa hadi fremu I inayofuata, na mtazamaji huona picha ikififia na kuwa kali tena kila nusu sekunde. Njia ya pili ni ya kodeki, yaani mbinu za kubana na kufungua video, za familia ya MPEG-4, hasa DivX na XviD, zilizoingiza filamu ya dakika 90 kwenye CD ya megabaiti 700 kwa kasi inayokaribia kilobiti 950 za picha, kwa ubora ambao VCD haikuukaribia. Udhaifu wake haukuwa katika picha. Ulikuwa sebuleni, kwa sababu deki za zamani hazikuzielewa. Ubora unaochezeka kwenye kompyuta peke yake haumsaidii bibi aliyeko kijijini mwenye deki ya kawaida, na katika suala zima la diski za kuchomwa deki iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoweka sheria.

Diski zenye filamu kumi, ishirini au zaidi, zilizouzwa kwenye vibanda na barabarani katika miji ya Afrika Mashariki, zilionyesha mpaka wa chini wa mbinu hizi zote. Filamu ishirini za dakika 90 ni saa 30, na saa 30 kwenye DVD ya tabaka moja huacha kilobiti 348 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja. Hakuna kodeki ya wakati ule iliyoweza kutoa kwa kiasi hicho picha inayostahili kuitwa filamu. Mnunuzi aliona wingi juu ya kasha na kupata miraba ndani yake, na mtayarishaji ambaye kazi yake ilibanwa bila ruhusa hakupata chochote.

Upande wa uhifadhi ndio unaotaka kushughulikiwa kwa haraka sasa. Diski ya kuchomwa haina mashimo yaliyopigwa chapa kiwandani kama diski ya filamu za dukani. Ina rangi maalumu inayounguzwa na mwali wa leza, na rangi hiyo hufifia kwa joto, unyevu na jua. Uchomaji huanzia katikati na kwenda nje, na ukingo wa nje, ambao hushikwa kwa vidole na ambao ndio unaokosewa zaidi katika utengenezaji, ndio unaokuwa wa kwanza kushindwa kusomeka, kwa hiyo dakika za mwisho za sherehe iliyojazwa hadi ukingoni hupotea kabla ya zile za mwanzo. Mwenye diski kama hizo hana sababu ya kubana tena anapozihamishia kwenye kompyuta: mafaili ya VOB yaliyomo, yasiyozidi gigabaiti moja kila moja, hunakiliwa na kuunganishwa yalivyo, bila kupoteza hata biti moja, na nakala nyepesi ya kutumiana kwenye simu hutengenezwa kando huku ile kamili ikihifadhiwa mahali pasipopungua pawili. Kabla ya hapo inafaa kuulizia kanda. Studio nyingi zilirekodi upya juu ya kanda zao ili kupunguza gharama, lakini si zote, na miniDV iliyosalia ina megabiti 25 za picha kwa kila sekunde ambayo diski iliachiwa 3, ilhali kamera zinazoweza kuisoma zimekoma kutengenezwa.